Nguzo Iitwayo Wote

Katika nchi ile lengo halikuandikwa. Lilibebwa begani.

Upande wa mashariki, nje ya mawe yaliyopakwa chokaa, kulikuwa na uwanda, na uwanda huo waliuita Kesho. Upande wa huku wa mawe, penye nyumba na soko na mtambo, paliitwa Leo. Mtu akivuka mawe akaingia Kesho alizeeka kadiri alivyokwenda. Akienda kidogo alizeeka kidogo, akienda sana alizeeka sana, na akigeuka kurudi hakurudishiwa kitu. Miaka aliyoitembea ilikuwa imekwisha kutembewa. Kwa hiyo watu hawakupenda kwenda huko, na nani angewalaumu? Leo mtu hazeeki. Leo ilikuwa siku moja tu, inavaliwa, inachakaa, inafuliwa, inavaliwa tena.

Siku hiyo moja iliendeshwa na Babu. Babu ndilo jina walilolipa mtambo wa umeme, jumba la matofali meusi lenye dohani refu, linalokula makaa ya mawe na kutema moshi juu ya mapaa. Taa zote za Leo, pasi zote, redio zote, vinu vyote vya kusagia vilikuwa wajukuu zake. Babu akikohoa taa zilizimika, na desturi ilikuwa kwamba kila mtu anasimama pale pale alipo mpaka ziwake. Ndiyo heshima. Aliyeinua kijiko alikishika hewani. Aliyekuwa akigombana alibaki na kidole puani mwa mwenzake. Rehani, mmoja wa wachochea moto wa Babu, aliwahi kusimama akiwa ameingiza mguu mmoja tu kwenye suruali, mlango wazi, na wapangaji wote wa nyumba wamesimama uani wakimtazama, hakuna anayeruhusiwa kugeuza shingo wala kucheka. Taa zilipowaka walicheka mpaka wakakaa chini.

Rehani hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa na koleo, mabega mapana na alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na alipenda chai yake iwe na tangawizi nyingi. Jambo moja tu lilimkosesha raha, nalo lilikuwa tumbo la mkewe. Mwatumu alikuwa mjamzito. Alikuwa mjamzito tangu Leo ilipoanza kuwa Leo. Tumbo lilikuwa limejaa, mtoto alicheza, alipiga teke, alipata kwikwi, lakini hakutoka, kwa sababu mtoto ili azaliwe anahitaji siku inayofuata, na siku inayofuata haikuwepo.

"Mwatumu, huyo wako kashapanga chumba humo," jirani zake walimtania. "Hatoki tena. Mdai kodi."

"Anangoja baba yake amtafutie mlango," alijibu Mwatumu, akicheka nao. Lakini wakiondoka alikaa kitako ukumbini, akaweka viganja viwili tumboni. Rehani aliyaona hayo akarudi kwenye koleo. Mwanamume asiyejua la kufanya hupenda kazi nzito.

Halafu Babu akaanza kukohoa vibaya. Zamani alikohoa akapumua. Sasa alikohoa na watu wakasimama hadi miguu ikavimba, maziwa yakachacha, wagonjwa wakazidiwa huku muuguzi amesimama karibu na kitanda na sindano mkononi, anaheshimu. Moshi nao ulishuka ukawa unakaa kwenye vikombe. Na vilima vya makaa nyuma ya mtambo, ambavyo Rehani alivichota kwa koleo lake mwenyewe, vilikuwa vimekuwa vichuguu. Ikabidi baraza likae. Ikabidi nchi iweke lengo: umeme wake kiasi gani utoke kwenye jua, upepo, mto na mvuke unaofuka ardhini, na ufikie kiasi hicho lini.

Kiasi kilikuwa uzito wa nguzo. Muda ulikuwa umbali itakapochomekwa. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu zamani. Katika ghala la baraza zililazwa nguzo za mninga: ndogo iliitwa Robo, ya kati Nusu, na kubwa, ambayo haikuwahi kuinuliwa, iliitwa Wote. Na desturi ilisema nguzo hubebwa na yule atakayeumizwa nayo. Ikiwa ni lengo la kuzima moto, basi mchochea moto. Watu waliona hiyo ni haki. Pengine ilikuwa haki. Pengine ilikuwa njia ya kumziba mtu mdomo kwa kumtwika mzigo.

Kura ikamwangukia Rehani.

Waziri wa Mwanga aliitwa Bi Zuwena. Alikuwa mkunga wa kusomea na wa kurithi, mikono yake ilijulikana mtaa kwa mtaa, lakini Leo hakuna kuzaa, basi ili asikae bure wakampa uwaziri. Aliifanya kazi hiyo kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, kwa uangalifu na maumivu. Alimwita Rehani barazani, akamwekea chai, na chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Alikuwa ameuliza.

"Tumeamua Wote," alisema Bi Zuwena.

Rehani aliitazama chai. "Wote ni nzito."

"Ni nzito, ndiyo. Wananchi watafurahi kuona tumebeba nzito." Akashusha sauti. "Lakini utaipeleka mbali, baba. Kilima cha mwisho kinachoonekana kutoka juu ya paa."

"Huko nitafika mzee."

"Utafika mzee, na utatunzwa. Nyumba, chakula, heshima. Na wenzako wataendelea na makoleo yao, maana kilima kile ni mbali, Rehani, hakuna atakayewaambia acheni kazi kesho asubuhi." Alisema kesho asubuhi kama wote walivyosema Leo, kama mtu anayetaja mji wa hadithini. "Tukiiweka karibu watu wataanza kuuliza. Mbona hatujafika, mbona vioo vya jua havijafungwa, nani alikula nini. Nimeona mawaziri wawili wakifukuzwa kwa ajili ya Robo. Robo tu."

"Kwa hiyo nzito lakini mbali."

"Ndiyo, hivyo. Usinitazame hivyo. Mimi si mtu mbaya."

Na kweli hakuwa mtu mbaya. Rehani aliiona mikono yake ikizunguka kikombe, mikono ya kupokea watoto, haina cha kupokea. Alimwonea huruma, na alipomwonea huruma akakosa nguvu ya kukataa. Ndivyo mambo mengi ya nchi yanavyopita.

Machano alimsindikiza hadi kwenye mawe. Machano alichochea tanuri la pili, kando ya lake, na walikuwa wamekula sahani moja tangu wakiwa vijana, yaani tangu Leo hii hii.

"Kachomeke huko huko mbali," alisema Machano. "Mbali kabisa. Sina ugomvi na jua, bwana wee, lakini jua halihitaji koleo. Mimi nitachochea nini? Nitalipepea?"

"Sijui."

"Hujui. Basi usilete karibu kitu usichokijua."

Mwatumu alikuwepo pia, ameegemea jiwe la chokaa, mkono mmoja kiunoni. Hakusema kuhusu lengo. Alisema, "Rehani, mimi natembea mpaka sokoni nikirudi miguu imekufa. Hilo tu nakukumbusha." Akamfunga panga kiunoni, la kufyekea na kuchimbia shimo, akakaza fundo mara ya pili kana kwamba mume wake ni mzigo unaokwenda mbali.

Nyuma yao sufuria kubwa za pilau zilikuwa tayari mafigani. Maana hili lazima lisemwe, ingawa wao hawakuliona kuwa kosa: katika nchi ile sherehe ililiwa nguzo ikichomekwa, si watu wakiifikia. Mbebaji alikwenda, wengine wakapika. Nguzo ikionekana imesimama kwa mbali, vigelegele vilipigwa, watu wakala, wakaosha mikono, wakaenda kulala na tumbo la mtu aliyekwisha kufika. Hakuna aliyeifuata. Ilipotokea mtu akachungulia kutoka juu ya paa akasema, lakini nguzo si ile pale, mbona hatuifikii, baraza lilituma Idara ya Kusogeza. Wafanyakazi wa Idara walikwenda na kamba, wakaing'oa, wakaivuta mbele. Walikuwa wazee wote wale, ingawa waliajiriwa vijana, na hakuna mtu wa Leo aliyekumbuka kuwaona wakikua. Nguzo chache nyepesi zilizosahauliwa karibu na mawe zilifungwa kamba za kuanikia nguo. Juu ya malengo ya zamani ya taifa zilipepea kanga na suruali.

Rehani akapita chini ya nguo mbichi, Wote begani, akavuka mawe.

Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha goti. Kisha ndevu zikamwasha, akajipapasa, zilikuwa zimeota. Njia iliteremka hadi kwenye bonde dogo kavu lenye mawe ya mviringo chini, ambapo zamani ulipita mto, na upande wa pili ikapanda, na baada ya hapo uwanda ulinyooka hadi kilimani bila mti wala kivuli. Upepo ulivuma huko bila kumgonga mtu. Jua lilipiga ardhi bure. Rehani, ambaye maisha yake yote alilisha moto kwa koleo, aliona moto mwingi kiasi hicho umemwagika chini, haujaombwa, haujachotwa, akasikia aibu kidogo, kama mtu aliyekuta chakula kimemwagwa nyuma ya nyumba ya wenye njaa. Aliwaza hivi akitembea, vipande vipande, maana mzigo ulimkatiza:

Wote. Neno zuri. Linaelemea upande mmoja.

Aliyeahidi hatakuwepo. Aliyeahidiwa hajazaliwa. Hapa katikati ni mimi na bega.

Ahadi ya mbali ni nini? Ni kumwambia mtu mwenye kiu kwamba kisima ni kikubwa.

Na ahadi ya karibu? Ni kujivua nguo. Wanakuona. Kama una kovu wanaliona.

Machano atakula nini? Sina jibu. Nimebeba nguzo, sina jibu, nao wanapiga ngoma.

Mimi ni nani sasa hivi? Aliyevuka mawe alikuwa na meno yote.

Alipitisha ulimi. Kweli, la nyuma halikuwepo. Hakumbuki lilipoanguka. Hiyo ndiyo Kesho, humchukua mtu kidogo kidogo akiwa anashughulika na kitu kingine. Lakini, akawaza, Leo nayo huchukua. Huchukua kwa kutotoa. Alimkumbuka Mwatumu ukumbini na viganja vyake viwili, akaona kwamba kuna namna mbili za kupoteza miaka: kuitumia, na kuikalia. Na yule anayeikalia huiita amani. Hakujua kama mawazo haya ni yake au ya nguzo.

Chini ya kilima cha mwisho alikaa mzee kwenye jiwe.

"Shikamoo, mzee," alisema Rehani, akihema.

"Usinipe shikamoo," alisema mzee. "Unajipa mwenyewe." Akanyoosha mkono wa kulia. Kwenye kifundo kulikuwa na alama ya kuungua, imefifia, umbo lile lile.

Rehani akashusha nguzo. Hakushtuka sana. Mahali penye njia kama ile, mtu atakutana na nani?

"Wewe ulichomeka," alisema.

"Nilichomeka. Pale juu." Mzee akaonyesha kileleni, na kweli kulikuwa na nguzo, imesimama vizuri, imepauka kwa jua, haina mtu. "Ilionekana kutoka kwenye mapaa. Nilisikia vigelegele kwa mbali, kama nzi. Wakala. Nikangoja."

"Nani alikuja?"

"Idara walikuja kutazama kama inahitaji kusogezwa. Wakasema hapana, hii iko mahali pazuri. Wakaniachia sigara. Mimi sivuti."

"Na Mwatumu?"

Mzee aliinama. Akaokota kijiwe, akakirudisha pale pale alipokitoa.

"Mwatumu alitoka," alisema. "Peke yake. Nilimwona kutoka hapa. Alivuka mawe, akateremka, akafika bondeni, upande wa huko. Akakaa chini."

"Akapumzika."

"Akakaa chini. Kutoka hapa mtu ni mdogo kama punje ya mtama. Sikuweza kujua kama amekaa au anaita. Nilianza kushuka. Magoti haya. Nilipofika nusu ya njia punje haikuwepo."

"Na mtoto?"

"Nimekwambia ni mbali," mzee alisema. "Unaniuliza nini zaidi? Ni mbali. Waliiweka mbali na mimi nikaibeba."

Walikaa pamoja. Mtu na yeye mwenyewe hawana mazungumzo marefu. Rehani alimtazama yule mzee na hakumchukia, ingawa alitaka. Alikuwa amefanya alichotumwa. Alibeba nzito, akafika mbali, akaisimamisha wima. Kama kuna mahali panapoandikwa majina ya watu watiifu, jina lake lingekuwa juu. Na punje ya mtama ilikaa bondeni.

"Nisaidie kuinua," alisema Rehani mwishoni.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Narudi."

Mzee alicheka, cheko kavu lenye raha ndani yake. "Miaka hairudi."

"Najua. Nguzo itarudi."

Mzee akainama, akaweka bega lile lile chini ya mti ule ule, akasukuma. Rehani aliposimama sawa na mzigo na kugeuka kuaga, kulikuwa na jiwe tu.

Alirudi na mvi. Alipofika ukingo wa bonde, upande wa kilimani, mwili ukakataa. Wote ilikuwa nzito kwa kijana, na yeye hakuwa kijana tena. Akaitupa chini, akachomoa panga, akaanza kuikata katikati. Kukata mninga kwa panga ni kazi ya kijinga, na asiyejua ajaribu. Alikata hadi viganja vikachanika, akafunga kitambaa, akakata. Nguzo ilipoachana vipande viwili, alichimba shimo pale pale ukingoni, akasimamisha kipande kimoja. Kile kingine alikiburuta kwa mkono hadi chini, akavuka mawe ya mviringo, akapanda upande unaoelekea Leo hadi mahali ambapo mtu anayetoka huko huanza kuona bonde. Akatafuta kwa macho. Hapa ndipo Mwatumu alipokaa. Akahesabu mwilini mwake, si kwa namba, kwa kumbukumbu ya jinsi Mwatumu anavyorudi kutoka sokoni, pale anapoanza kushika kiuno, pale anapoanza kusema ngoja kidogo. Akakisogeza huku zaidi. Akachimba hapo.

Kilikuwa karibu. Kilikuwa karibu mno. Aliweza kuona sufuria.

Leo walikuwa wameshakaa mkao wa kula. Mtu mmoja aliona nguzo ikisimama, akafungua mdomo apige kigelegele, akaufunga. Kila mtu aliweza kuiona, hata wasiopanda mapaani. Angeweza kuiona hata mtoto wa kubebwa, kama angekuwepo. Bi Zuwena alikuja hadi kwenye mawe ya chokaa akasimama, vidole vya viatu vyake vikigusa mstari, na nyuma yake wazee wa Idara na kamba zao mabegani.

"Rehani," aliita. Hakuhitaji kupaza sana. "Tulikupa Wote."

"Wote ipo. Nusu hii hapa. Nusu nyingine ile kule ng'ambo ya bonde. Ukifika hapa unaiona ile."

"Umechomeka karibu. Nitakuwa bado hai."

"Ndiyo," alisema Rehani. "Utaiona."

"Tukishindwa watanijua."

"Watakujua kwa jina, Bi Zuwena. Na mimi watanijua. Mimi hapa."

Waziri aliitazama nguzo kama mtu anavyotazama maji asiyojua kina chake. Angeweza kuinua mkono tu na Idara wangepita. Hakuinua. Hakushusha pia.

Machano alitokea kando ya sufuria, mwiko mkononi, uso umemwiva.

"Umetuuza," alisema. "Nilikwambia mbali. Sisi tutakula nini, Rehani? Sema mbele ya watu. Sisi wa makoleo."

"Sijui yote," alisema Rehani. "Kuna mashimo ya kuchimba, hapa hadi pale, mengi. Kuna vioo vya kubeba na kufunga, nyaya za kuvuta, mto wa kuwekea bwawa. Si kazi ile, Machano. Mikono ni ile ile. Siwezi kukwambia itatosha, nitakuwa nakudanganya. Lakini makaa yamekwisha, nawe unajua, umeyachota nami. Hukusema na mimi sikusema."

Machano akakuta mwiko mkononi, akautazama.

Hapo ndipo Mwatumu alipojiinua kutoka kwenye jiwe lake. Alifunga kanga upya juu ya tumbo, akashika kiuno, akavuka mstari wa chokaa kwa mguu wa kulia, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shemeji," aliita Machano, sauti imebadilika, "utazeeka, shemeji."

"Nishazeeka kwa kungoja," alisema Mwatumu. "Na hilo pilau lileteni huku. Kama ni sherehe, iliwe penye nguzo."

Alitembea. Watu waliona uso wake ukibadilika, si vibaya, kama mkate unavyoshika rangi. Tumbo lilishuka. Miguu yake ikapanuka, hatua zikawa fupi. Na akiwa katikati ya njia, Babu akakohoa.

Alikohoa kwa namna ambayo hawakuwahi kuisikia, kikohozi kirefu chenye chuma ndani. Redio zikanyamaza. Vinu vikasimama. Na watu wa Leo, kwa mazoea yaliyoingia mifupani, wakasimama kila mmoja alipo: mwenye sahani na sahani, mwenye kigelegele na mdomo, Machano na mwiko, wazee wa Idara na kamba. Bi Zuwena alisimama mguu mmoja ukiwa umeinuka kidogo kwenye kisigino. Ukimya ukatanda. Ndani ya ukimya huo kitu kimoja tu kilisogea, mwanamke mmoja mwenye kanga, anatembea, anapumua kwa mdomo, mkono kiunoni. Hakusimama. Nyayo zake zilisikika hadi barazani.

Alifika kwenye nguzo akaishika kwa mikono miwili. Akamtazama Rehani, mvi, pengo, viganja vilivyofungwa kitambaa.

"Shikamoo," alisema.

Rehani alicheka, na alipocheka machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa kuwa viganja vilikuwa vibaya. Mwatumu naye alicheka, halafu cheko likakatika katikati. Akainama. Akashika nguzo kwa nguvu hadi kucha zikawa nyeupe.

"Rehani," alisema. "Ita wanawake."

Rehani akageuka. Leo yote ilikuwa imesimama kama picha. Taa hazikuwaka. Hakujua zitawaka lini, wala kama zitawaka.

"Bi Zuwena," aliita.

Waziri hakugeuza shingo, maana heshima. Lakini macho yake yalishuka hadi kwenye mikono yake mwenyewe, akaitazama kama mtu aliyepata barua. Kisigino kikatua. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviacha Leo, vimekaa pamoja sawasawa juu ya mstari wa chokaa, akavuka. Akivuka alinyoosha mkono nyuma akampokonya mzee mmoja wa Idara kamba begani, na mzee, aliyesimama kwa mazoea, akashtuka, akasogea, akaona kwamba amesogea na hakuna kilichompata. Mwenzake akamfuata. Nyuma sufuria ililia. Machano alikuwa ameshika kishikio kimoja, anatafuta wa kushika cha pili.

"Msifikiri nakuja kwa ajili ya nguzo," alinung'unika kwa kila aliyekuwa karibu. "Atahitajika mtu wa kuwasha moto. Maji ya moto hayajichemshi."

Bi Zuwena alifika, mvi zimechomoza pembeni mwa kanga yake ya kichwani, akapiga magoti mchangani. Aliweka kiganja tumboni mwa Mwatumu, akasikiliza kwa vidole. Kisha akawarushia wazee wa Idara kamba yao.

"Fungeni hiyo kwenye nguzo, juu kidogo," alisema. "Kazeni, mama apate pa kuvutia. Na mtu asiisogeze."